Gari Lililopakwa Mafuta ya Kondoo

Mwezi uliopita mwana wa dada yangu aliingiza gari uani kwangu hapa Nakuru, akazima injini, akashuka akiwa na furaha ambayo sikuipenda tangu mwanzo. Lilikuwa gari la zamani, la rangi ya maziwa, lisilo na mkwaruzo hata mmoja. Alilizunguka akilipapasa kama mtu aliye mnadani mbele ya fahali.

"Anti, angalia vile iko safi," alisema. "Hii haijatembea. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Njoro, alikuwa anaipeleka kanisa tu. Siku zingine zote inalala."

"Na wewe utaipeleka wapi?" nilimwuliza.

"Mimi? Nitaiweka, Anti. Niinunulie turubai, niifunike vizuri. Gari kama hii si ya kuchoshwa."

Si ya kuchoshwa. Rafiki yangu unayesoma, wewe unayenijua huenda umekwisha kuuona uso wangu ulivyobadilika. Kijana alidhani nimeona kasoro katika rangi. Sikumweleza. Nakueleza wewe, kwa sababu siku hizi naona watu wengi wakiandika juu ya utoto wao kana kwamba wanalamba asali kidoleni, na mimi asali hiyo sikuachiwa.

Tuliishi upande wa Mau Narok, katika shamba la Mzungu la ngano, viazi na pareto, juu kabisa ambako baridi ya alfajiri huuma meno. Wazazi wetu walikuwa wameajiriwa huko chini, Ndabibi, katika shamba lisilotaka wafanyakazi wenye watoto. Kwa hiyo mimi na dada yangu tulilelewa na babu na nyanya. Sikatai kwamba palikuwa na mema. Nakumbuka viazi vilivyofukiwa majivuni, maganda yakipasuka na mvuke ukitoka. Nakumbuka maziwa ya kibuyu yenye ladha ya moshi, na harufu ya maua ya pareto yakikaushwa, harufu kavu iliyokaa puani hadi usingizini. Lakini kila ninapoyakumbuka hayo, nyuma yake hupanda harufu nyingine, nzito, ya mafuta ya kondoo yaliyoganda, na yote huharibika.

Babu alikuwa nyapara wa shamba. Alikuwa mtu wa amri chache na fimbo moja, na wanaume wazima walivua kofia alipopita. Mama wa yule Mzungu mwenye shamba alikuwa na gari dogo jeusi alilolitumia kwenda kanisani peke yake. Bibi huyo alipofariki, na mwanawe alipoamua kuuza shamba na kurudi kwao, wafanyakazi waligawiwa blanketi, na babu akapewa gari. Nimesoma vitabu vingi juu ya ubaya wa kunyang'anya watu mali. Bado natafuta kitabu kitakachoeleza sawasawa ubaya wa kumpa mtu kitu kitakachomtenga na watu wake.

Kuendesha alijua kidogo, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwenye trekta. Mwanzoni alitupeleka kanisani, polepole mno, watoto wa kijiji wakitupita kwa miguu na kutungoja mlangoni. Baadaye hata safari hiyo aliikata. Gari liliingizwa katika banda la zamani la kukaushia ngozi, ubavuni mwa ghala la mahindi, likainuliwa juu ya magogo ili magurudumu yasiguse ardhi, likafunikwa. Tulipouliza litatoka lini, babu alijibu kwa methali ambayo hadi leo nikiisikia nasimama na kuondoka: "Akiba haiozi."

Na akiba ile ilikuwa na shabaha. Hapo ndipo uovu wake ulipojificha. Dada yangu alikuwa na kichwa chepesi kuliko watoto wote wa shule ya shambani. Alisoma kila karatasi iliyofungiwa sukari dukani. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba msichana huyu atafika shule kubwa ya wasichana mjini. Babu akatangaza mbele ya wazee, "Siku hiyo mjukuu wangu hataenda kwa miguu wala kwa punda. Gari hili linaingojea siku yake." Tangu hapo gari halikuwa la babu tena, lilikuwa la dada. Na kwa sababu lilikuwa la dada, ilikuwa haki dada alitumikie.

Kila Jumamosi alishuka bondeni na debe, kwa kuwa maji ya tangi la bati, kwa maoni ya babu, yangeleta kutu. Njia ya kurudi ilikuwa mwinuko mtupu. Alimwaga maji yale juu ya gari ambalo halikuwa na vumbi, nami nikasugua vishikio vya milango kwa kitambaa chenye majivu hadi vikatoa mwanga. Kisha ikaja kazi ya mafuta.

Babu alikuwa amekulia katika ng'ombe na kondoo. Alijua kwamba kamba ya ngozi isiyopakwa mafuta hukauka na kukatika, na kwamba nira ya ng'ombe wa kulimia hudumu ikipakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Alipaka viti vya gari, navyo, nakiri, vikawa laini. Ndipo akafungua boneti akaona mipira na nyaya, na wakati ule nyaya zilikuwa zimevikwa nyuzi za pamba kama kamba ya kiatu. "Mpira ni ngozi ya Wazungu," alisema, akaanza kupaka. Alipaka mipira ya maji na ya breki. Alipaka kila waya, kwa kidole, bila haraka, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Wazee walikuja kumshauri ni kondoo yupi mwenye mkia wa kufaa zaidi, na wakabishana kwa dhati. Hakuna hata mmoja aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja wao angefanya vivyo hivyo.

Mafuta hayo yalitoka jikoni kwa nyanya. Wiki zote hizo tulikula mboga kavu, iliyochemshwa kwa chumvi, ili gari lile mafuta. Nyanya hakugombana naye mbele yetu. Alikuwa na msemo mmoja tu, aliousema huku akikoroga chungu, bila kumtazama mtu: "Ng'ombe asiyekamuliwa hukauka."

"Gari si ng'ombe," babu alimjibu.

"Nami naona. Ng'ombe angekuwa amekwisha kutupa maziwa."

Siku ikafika. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeifanya barabara ya Njoro kuwa uji. Jumamosi jioni mwalimu alikuja mwenyewe, viatu vyake mkononi, akatuambia kwamba dada ameshinda mtihani, na kwamba anatakiwa asimame mbele ya mwalimu mkuu wa shule ile Jumatatu kabla ya adhuhuri. Nafasi zilikuwa chache. Asiyefika, nafasi yake ingepewa anayefuata. Mwalimu alirudia maneno hayo akimtazama babu, si dada, kwa maana alijua nani wa kuambiwa.

Jumatatu alfajiri lori la viazi lilisimama mbele ya nyumba yetu. Dereva wake alikuwa jirani yetu, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, aliyelifunga lori lake minyororo kwenye magurudumu ya nyuma kwa ajili ya matope.

"Mzee, nipe huyu msichana!" aliita juu ya ngurumo ya injini. "Nitamkalisha hapa mbele na mimi. Jua halijapanda yuko Nakuru!"

Babu alitoka amevaa koti lake la nyapara. "Mjukuu wangu ashuke mlangoni pa shule kubwa akinuka viazi?" alisema. "Gari lake liko."

"Liko, mzee, hatukatai liko. Lakini hilo lako ni bibi harusi. Linapambwa tu, halitoki chumbani."

"Leo linatoka."

"Basi nifuate nyuma, nikuone kwenye kioo."

Dada alikuwa amesimama kizingitini katika gauni ambalo nyanya alilipiga pasi kwa makaa usiku uliotangulia. Alilitazama lori, akamtazama babu, na midomo yake ikafunguka kidogo. Ukisoma katika vitabu kwamba watoto wa zamani walikuwa na adabu, jiulize adabu hiyo iliwagharimu nini. Alifumba mdomo. Lori likaondoka, na kwenye kona ya miti ya misaipresi dereva akapiga honi, mara moja, ndefu.

Tuliliteremsha gari kutoka kwenye magogo. Babu aliingiza hendeli, akaizungusha, na injini haikutoa hata kikohozi. Akazungusha tena. Wanaume wakapokezana hadi mashati yakalowa jasho katika baridi ile. Ndipo mtu akafungua boneti, na harufu ikatupiga usoni.

Juu ya injini palikuwa na kiota cha panya, kikubwa kama kikapu, kilichofumwa kwa maganda ya mahindi ya ghalani na nyuzi za pamba za nyaya zetu. Walikuwa wametafuna kila mahali kidole cha babu kilipopita. Nyaya zilikuwa tupu, shaba ikimeta. Mpira wa breki ulikuwa umebaki vipande. Panya mmoja mnene alitutazama, akashuka bila haraka kama mpangaji anayejua haki zake.

"Tumewapikia panya," nyanya alisema.

Babu hakukubali. Aliamuru gari lisukumwe, eti likipata mteremko litawaka. Walisukuma. Liliteremka kimya, bila moto na bila breki, babu ameshika usukani wima kama siku ya kanisa, hadi likatumbukia pua mtoni, pale pale dada alipozoea kujaza debe lake. Babu alitoka salama, maji magotini. Mungu huwahurumia wenye kiburi mahali ambapo hawahitaji kuhurumiwa.

Hakuna gari lingine lililopita siku ile. Dada na nyanya walitembea hadi giza likawakuta, wakalala kwa waumini wenzao, wakafika Nakuru kesho yake na tope hadi mapajani. Mwalimu mkuu hakuwa mkatili, nyanya alisimulia, aliwapa chai. Kisha akawaambia kwamba nafasi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, na hili ndilo lisilonitoka, babu aliita maji kama kawaida. Gari lilikuwa limevutwa na ng'ombe hadi bandani, naye alitaka lisafishwe tope. Dada alishuka bondeni. Alipanda na debe limejaa, akaja hadi mbele ya babu, wazee wakiwa wameketi pale, akalitua miguuni pake.

"Jioshe, babu," alisema.

Sijasikia neno kali kuliko hilo, wala katika mahubiri wala katika vitabu. Wazee waliinamisha vichwa. Fimbo ya babu ilikuwa mapajani mwake, naye hakuiinua. Tangu siku hiyo dada hakumsemesha, na kabla ya mavuno mengine alikuwa ameolewa katika shamba la jirani, kikapu cha pareto mgongoni.

Zamu yangu ilipofika, nyanya hakumwuliza mtu. Aliniamsha mapema, akanipandisha juu ya magunia ya viazi, akaipiga bodi ya lori kwa kiganja. Elimu yote niliyo nayo ilisafiri juu ya magunia yale, na nilishuka nikinuka viazi, na hakuna aliyenirudisha mlangoni.

Jumapili iliyopita kijana alinichukua twende Mau Narok akamwonyeshe mama yake gari. Sikupatambua. Pareto imekwisha, mashamba yamekatwakatwa, misaipresi ya kwenye kona imekuwa mbao za watu. Banda la ngozi limebaki mawe manne. Babu na nyanya wamelala bega kwa bega chini ya nyasi, baada ya kutoelewana maisha yao yote. Waliokaa pale hawakumjua yeyote kati yetu, na sikuona sababu ya kuwaeleza.

Tulipofika kwa dada, katika shamba la jirani, alitoka akipangusa mikono kwa leso. Mwanawe alimfungulia mlango kwa madaha.

"Mathe, ingia. Nikupeleke mpaka Nakuru uone vile inateleza."

Dada hakuingia. Aliomba boneti ifunguliwe. Akainama, akanusa, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwanawe akacheka akidhani mama anafanya mzaha. Kisha akainuka, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu nikamwona msichana aliyesimama kizingitini, gauni limepigwa pasi, mdomo umefunguka kidogo.

Safari hii hakuufumba.

"Ni gari zuri," alimwambia mwanawe. "Lori la viazi linapita saa ngapi?"