Mwanasesere Muuaji wa Zam Fundi

Ukiuliza sokoni Koboko nani fundi mzuri wa nguo za kike, utaonyeshwa meza ya Zam kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nauza sabuni pembeni yake, kwa hiyo namjua. Mikono yake ni myepesi, ila mdomo ni mzito. Anaweza kukushonea gauni la harusi kuanzia vipimo hadi vifungo, na ukaondoka bila kuijua sauti yake.

Huku kwetu mteja mwangalifu huchukua nguo yake pamoja na vipande vilivyobaki. Watu wanaamini kwamba mwenye kijicho akipata kipande cha nguo yako, amekupata wewe. Wengine hawajali, wanaviacha, na Zam hawezi kutupa kitambaa. Vile vilivyoachwa huviunganisha na kutengeneza wanasesere, akawapa watoto wachezee wakati mama zao wanapimwa. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kisha akaja Enoch kutoka mji wa Arua na kamera yake. Yeye na wenzake walikuwa wanaitengeneza upya hadithi ya zamani ya mwanasesere muuaji, ile ambayo vibanda vya video vimeirudia hata mbuzi wanaijua. Safari hii ilikuwa ya siku hizi na ya kwetu: mwanasesere anaingia kwenye mpaka wa Oraba juu ya lori, ana simu tumboni, anasikiliza siri za nyumba moja ya Manibe, nje ya Arua, halafu anaanza kuwamaliza wenye nyumba. Wakamwomba Zam awashonee muuaji wao. Akamshona mkubwa kama mtoto wa chekechea, akamjaza pamba, akamvika gauni la vipande vya kila rangi. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja nikamsalimia, tena kwa heshima.

Siku ya filamu kuonyeshwa tulijaa kwenye kibanda cha video. Tulipiga kelele, tukacheka, tukakanyagana. Mwishoni mwanasesere alimwagiwa mafuta ya taa, akawaka. Hapo akasimama mzee Kasimiro, mwanajeshi mstaafu ambaye sijawahi kumwona akitikisika.

"Ile kitambaa ya maua ya bluu iko ya Night," alisema. "Munachoma bibi yangu."

Night alikuwa mkewe. Alifariki mwaka jana, na gauni lake la mwisho alishonewa na Zam, akazikwa nalo. Kisha Lillian, muuza samaki, akasema ameona kitenge chake kwenye bega la yule muuaji, na baada yake kila mwanamke akaona chake.

Asubuhi yake wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata magauni ambayo bado hayajatiwa mikono. Ile cherehani ndiyo inayowalisha watoto wa Zam, maana baba yao alishakufa. Naye Zam alikaa tu, mikono mapajani, akitazama rafu zikibaki tupu. Nilikasirika sana. Ni wanawake walewale ambao watoto wao walikuwa wamelala na wanasesere wa Zam kifuani.

"Enda kwa huyu mzee," nilimwambia. "Ukinyamaza, watu watasema iko kweli."

Alibeba mfuko akaenda, nami nikafuata, kwani sabuni haziozi. Tulimkuta Kasimiro uani kwake. Zam akafungua mfuko, akamtoa mwanasesere. Alikuwa mzima, hata moshi haujamgusa.

"Mzee, huyu hawakuchoma. Mimi nilikataa. Nilisema kama iko lazima kuchoma, chomeni gunia. Wakajaza gunia nyasi, wakaipaka rangi, ndiyo mliona kwa moto." Sijawahi kumsikia Zam akisema maneno mengi hivyo. Akatoa mkasi. "Kitambaa ya mama Night aliniacha nayo yeye mwenyewe. Alisema nishonee watoto. Lakini ukitaka, nafumua sasa hivi, nakupa."

Kasimiro hakuutazama mkasi. Alipitisha kidole gumba juu ya yale maua ya bluu, taratibu, akalia bila kujificha. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

Baadaye akauliza, "Watu waliogopa kweli?"

"Sana, mzee," nilijibu. "Shafik wa boda alitoka mbio akaacha viatu."

Mzee akaanza kucheka, machozi bado yapo. Akasema Night alipenda kutisha watu. Alikuwa akijificha nyuma ya mlango mume akitoka kazini, mtu mzima na wajukuu wake. Akamrudishia Zam mwanasesere wake. Tuliondoka bila kujua kama tumesamehewa.

Siku ya soko Kasimiro alikuja, soko limejaa. Alikuwa na shati lake la zamani la jeshi, akaliweka juu ya meza ya Zam. Watu waliacha kununua. Lillian alikuwa pale, kitenge alichokichukua kwa Zam bado hakijapata fundi mwingine.

"Kata hapa kwa mukono," Kasimiro alisema kwa sauti ya gwaride, wote wasikie. "Shona kwa hiyo doli, karibu na kitambaa ya Night. Enoch anasema atatengeneza filamu ingine. Sasa tutakimbiza watu pamoja."

Kuna aliyecheka, na kicheko kikaenea. Lillian akasogea, akakiweka kitenge chake mezani kimyakimya. Zam alishika mkasi, akaunyoosha ule mkono wa shati juu ya meza.

"Niweke upande gani, mzee?"

"Weka kushoto yake," alisema. "Kwa kitanda yetu Night alikuwa analala upande ya ukuta."