Dhahabu ya Gertrude Ilivyogeuka Zambarau

Gertrude wa Uvira hakuwa mwanamke wa kuchezewa, hata hapa katika kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako mkubwa na mdogo hupanga mstari mmoja wa maji. Alishona nguo, aliongoza kwaya ya wamama, wala hakupiga hodi kwa jirani kuomba chumvi. Kwa hiyo Baba Lwaboshi alipotazama sarafu kiganjani mwake mbele ya wazee na kusema, "Mama Bienvenu, hii ni shaba ya bomba," damu ilimpanda mpaka masikioni.

Kwao, kabla ya ndoa ya kanisani, mama wa bwana harusi humwekea bibi harusi mkononi kitu cha thamani cha nyumba yake, na wazee wa pande zote hukikagua. Gertrude alikuwa na sarafu ya dhahabu ya Wabeleji, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Vita vilipolipuka mara ya pili, aliikunja ndani ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kama wengi walivyofunga vitu vyao visilowe, akaifunga kiunoni. Hata kambini hakuifungua. Sasa anaifungua mbele ya wakwe, anakuta nini? Ukingo mwekundu, katikati zambarau, na uso wa mfalme umegeuka mweusi kama kitako cha sufuria.

"Mi nilikulia kwenye machimbo ya zahabu," akasema Lwaboshi, baba mdogo wa Aline, mchumba wa Bienvenu, mwana wa Gertrude. "Zahabu haigonjwaka. Yenye kugonjwa haiko zahabu. Jumamosi kama hamuna kitu ya kweli, hakuna bukwe, hakuna ndoa."

Gertrude akaenda moja kwa moja kwa Sylvain, fundi cherehani mwenzake, aliyekuwa akifundisha kemia Bukavu.

"Uliifunga na mpira?" Sylvain akacheka. "Ah, Mama! Njo kosa yetu sisi wote."

"Usinicheke. Mi ningeweza kukuzaa."

"Pardon, Mama. Sikia. Zahabu yenyewe haigombanake na mutu. Lakini ni laini, njo maana kwenye sarafu banaichanganya na shaba kidogo. Na mupira, banaupika na salfa ili ukomae. Joto na jasho ya kiuno vinatoa salfa ndani ya mupira, inashika ile shaba ya juu, inatengeneza ngozi. Ikiwa nyembamba unaona nyekundu, ikinenepa inakuwa zambarau, kisha nyeusi. Kama mafuta ya motokari juu ya maji. Chini yake zahabu iko palepale."

Maneno mazuri, lakini Lwaboshi hataki maneno. Gertrude akapanda basi dogo, akapita Lumbadzi, akashuka Lilongwe kwa sonara mmoja mzee. Yule akaisugua sarafu juu ya jiwe jeusi, akadondoshea asidi kwenye mstari ulioachwa. Mstari wa shaba tupu ungefutika. Huu ulibaki unang'aa.

"Agogo, bibi yangu, hii ni dhahabu," akasema. Kisha, kwa wema wake, akaichovya katika dawa, akaisugua pande zote mbili mpaka ikawaka kama jua la asubuhi. Gertrude akasema zikomo, asante ya huko, akarudi nyumbani akiimba.

Mbele ya wazee tena, Lwaboshi akaitazama mara moja tu. "Ya juzi ilikuwa zambarau. Hii ni mupya. Umeazima kwa nani, Mama?"

Wazee wakaguna. Gertrude akaeleza salfa, akaeleza mpira, akaeleza jiwe la sonara. Mzee mmoja akapiga mwayo.

"Ikiwa chafu haiko zahabu, ikiwa safi haiko yangu!" Gertrude akapaza sauti. "Baba Lwaboshi, mi nifanye nini? Niimeze?"

Hapo Aline akanyoosha mkono, akaichukua, akaifumbata. "Kama ni ya kuazima, mwenyewe atakuja kuiomba. Mi nimeshapokea."

Kicheko kikawashinda hata wazee. Lwaboshi akakunja uso. "Sawa. Lakini nitakuwa napita kuiangalia. Ikigonjwa tena, narudisha mutoto yangu."

Jumamosi wakafunga ndoa. Watu wanacheza, Gertrude amekaa karibu na mkamwana wake, anamwagiza, maana Sylvain alikuwa amemnong'oneza kwamba hata moshi na jasho la mkono huigusa ile shaba, polepole.

"Usiifunge na mpira. Usiiweke jikoni. Usiishikeshike. Mayai pia, mbali, nayo yana salfa."

"Sasa niiweke wapi, Mama? Mbinguni?"

Gertrude akageuka kumtafuta mkaguzi wao. Upande wa pili Lwaboshi alikuwa akiomba aongezewe nyama.