Nirudishe Mgeta

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Kiwanda chetu pale Morogoro kilipobinafsishwa, tukapunguzwa kazi. Kiinua mgongo nikakinunulia gari lililotumika kutoka Japani, nikawa dereva wa teksi. Miaka ile magari hayo yalikuwa yanamiminika nchini, na langu lilikuja na mtambo wa kuonyesha njia, wenye sauti ya mwanamke. Aliongea Kijapani tu. Morogoro hakuijua, kwenye kioo chake gari letu lilikuwa linaelea baharini huko kwao. Ukibonyeza kitufe kwenye usukani analia "ti", kisha anakaa kimya akisubiri umwambie unakokwenda.

Mama alipougua nilimfuata kijijini kwetu Mgeta, huko milimani, nimlete mjini kwa matibabu. Alivua viatu kabla ya kupanda, akakaa kiti cha nyuma, akavipakata njia nzima. Yule mwanamke akasema maneno yake, mama akaitika, "Abee." Kisha akanigeukia mimi.

"Binti wa watu anakusemesha, mbona humjibu?"

Nikabonyeza kitufe kumtania. "Haya mama, mwambie unataka kwenda wapi."

Akasogea mbele, akasema kwa adabu, "Mwanangu, nikimaliza matibabu mjini, nirudishe nyumbani Mgeta."

Nilicheka mpaka machozi. Laiti ningejua.

Dawa zikaisha, mama hakupata nafuu. Kila asubuhi aliniuliza tunaondoka lini, nami nikamjibu kesho mama, maana abiria walikuwa wengi. Nani hajawahi kusema kesho? Alifia kwangu, chumba cha uani, na masika yalikuwa yameikata barabara ya Mgeta. Tukamzika mjini, katikati ya watu asiowajua.

Ndugu yangu, tangu siku hiyo yule Mjapani hakusema neno. Mvua zilipokoma nikapanda Mgeta peke yangu, kumpelekea mama mdogo nguo za dada yake. Kwenye kona za juu ukungu ukashuka, nikapunguza mwendo. Kitufe sikukigusa, niamini. Mtambo ukalia "ti".

"Abee," ikaitika sauti ya mama kutoka kiti cha nyuma. "Nirudishe nyumbani."

Unadhani niligeuka? Ningegeuka kwa uso gani? Niliendesha huku nalia, nikisema, "Tunakwenda mama, tunakwenda leo."

Niliposimama uani kwetu, mlango wa nyuma wa gari ulifunguka, ukafungwa taratibu. Mama mdogo alikuwa mlangoni anamenya njegere. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa yanafuata kitu pembeni yangu, mpaka ndani.

"Umechelewa baba," akasema, "lakini umemleta. Amepita hapa, viatu kavishika mkononi."

Habari za viatu vile sikuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Mtambo haujawaka tena. Mama mdogo siku hizi hupakua sahani mbili, nami simkatazi. Kaburi la mjini nalifagia kila Jumapili, ingawa najua hayupo pale.

Wewe ambaye mzazi wako bado anakuuliza mnaondoka lini, usimjibu kesho. Tafuta ufunguo. Mimi wangu nilimfikisha, lakini alishuka bila kuniaga.