Bonyeza na Programu Tiifu

Chuoni walimwita Bonyeza, kwa kuwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa hiyo tu. Tovuti ya chuo ilikuwa na kurasa mia tisa na kumi na mbili, naye alizipitia zote kwa kidole kimoja, kiungo baada ya kiungo, aone kipi kinafika na kipi kinamwacha mtu hewani. Kilichokufa alikiandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, chini ya kichwa "Marehemu". Mzunguko mmoja ulichukua wiki tatu. Akimaliza, vya mwanzo vimeshaanza kufa tena, naye hurudi bila kinyongo, kama mtu anayefagia ua wenye mti.

Jumatatu moja mkuu wa idara aliingia na fundi wa kompyuta, binti mwenye miwani mikubwa.

"Mzee, binti ameleta programu," mkuu akasema. "Inatambaa yenyewe ukurasa hadi ukurasa, inabonyeza kila kiungo, inatoa orodha ya vilivyovunjika. Ikikushinda, unahamia stoo ya viti."

Bonyeza akalifunga daftari lake. Stoo ile haikuwa na dirisha, na viti vyake vingi vilikuwa na miguu mitatu.

"Kazi hii naijua, mkuu."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee wangu."

Mkuu akaamuru programu ipewe nenosiri lake yeye mkuu, iingie hadi vyumba vya ndani vya tovuti. Fundi akasita. "Tungeiacha izunguke nje kama mgeni, mkuu."

"Mgeni wa nini? Iingie kama mimi."

"Huko ndani," Bonyeza akasema taratibu, "kila ukurasa una kiungo cha Futa, na hakiulizi mara mbili. Mimi hukipita kama napita mbwa aliyelala."

"Mashine haiogopi mbwa," mkuu akajibu, akacheka peke yake.

Baada ya dakika arobaini kompyuta ikalia. Mkuu akasoma kwa sauti: "Kasoro, sifuri. Mnaona?"

"Soma na mstari wa chini, mkuu," fundi akasema.

Kurasa zilizobaki: moja.

Programu ilikuwa tiifu mno. Iliambiwa ibonyeze kila kiungo, ikabonyeza, na kila Futa ikafuta. Ratiba, matokeo, wasifu wa walimu, vyote vikaenda na maji. Ulibaki ukurasa wa mbele tu, usiofutika, wenye picha ya mkuu akitabasamu. Mwenye picha hakuwa akitabasamu.

Nakala ya akiba ya Ijumaa ilirudisha kila kitu kabla ya mchana. Fundi akaiachia programu tena, safari hii bila nenosiri, na ndani ya robo saa ikataja viungo themanini na tisa vilivyokufa. Bonyeza akafungua daftari: sabini na vinne. Hakubisha. Akachukua kikombe chake na sweta.

"Unakwenda wapi, baba?" fundi akauliza.

"Stoo. Imenishinda."

"Na nani ataiambia isiguse wapi?" Alimuuliza Bonyeza, lakini macho yalikuwa kwa mkuu. "Mimi nina miezi miwili hapa. Mahali pa hatari anapajua yeye."

Mkuu akakohoa. "Kaa, mzee."

Bonyeza akakaa, akaanza kuandika orodha ya makatazo. Katazo la kwanza: programu isipewe kamwe nenosiri la mkuu. Mkuu akatia sahihi bila kusoma.