Jino la Gari la Anko

Juzi mafundi walipokuwa wakibadilisha mabati ya nyumba ya mama, kule Kiogoro, plagi ya gari iliyoliwa na kutu ilianguka uani. Harufu ya petroli ikanirudia.

Anko, ndugu yake mama, alikuwa na gari la spidi alilolipenda sana, lakini lilikuwa likikohoa mlimani. Alasiri moja, nikiwa mtoto, alilifungia ekzosi pana, bomba la kutolea moshi, kisha akang'oa plagi nyeusi na kunipa.

"Anko, itaota ingine?"

"Itaota," alijibu huku kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Nikaitupa juu ya paa, kama tulivyotupa meno yetu ya utoto. Baadaye gari likanguruma, kuku wakatawanyika. Sikujua habari za ekzosi; niliona limeota magego.

"Hii ilifikaje huko juu?" fundi wa mabati aliuliza juzi, akiiokota plagi.

"Ni jino," nikamwambia.