Zamu ya Kushika Simu

Katika soko la Tawa, ukiuliza fundi wa sare za shule asiyedanganya watu tarehe, utaelekezwa kwa Kalunde. Ukimkosa usihangaike. Ikiwa ni Ijumaa mchana au Jumamosi, yuko chuoni Kitui, anasomea digrii ya habari na mawasiliano. Ikiwa ni Alhamisi, yuko na wenzake wa mwethya, karai kichwani. Siku zilizobaki ndizo za cherehani, na wazazi wenye haraka wamejifunza upole kwa lazima.

Alianza chuo akiwa na miaka arobaini na tatu, mwaka ambao binti yake wa mwisho, Wavinya, alimaliza sekondari. Watu walisema yao. Wapo waliosema ni kichaa cha uzee, kana kwamba arobaini na tatu ni uzee, na wapo waliouliza nani atapika, ilhali Musyimi mumewe amekuwa akipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, mtamu kuliko wao tangu ujana wake. Chanzo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kwa miaka kumi na tano Kalunde ndiye aliyesoma matangazo kanisani, na aliyasoma hivi kwamba hata waliolala wakati wa mahubiri waliamka kumsikiliza. Jumapili moja mgeni aliyefanya kazi redioni alimwambia kuwa sauti anayo, ila bila karatasi hakuna atakayempa hata dakika tano za hali ya hewa.

Neno hilo lilimkera Kalunde. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, na asubuhi akamwambia mumewe anataka kusoma. Musyimi ni mtu wa mbuzi na maneno machache. Alikubali papo hapo, kisha akaanza kumwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba mkewe atasoma taarifa ya habari ya saa moja. Wakati huo Kalunde alikuwa hajapeleka hata fomu.

Miaka minne si mchezo. Alisafiri na vitabu na uzi wa kushonea katika mfuko mmoja, akafanya mtihani siku tatu baada ya kumzika mamake kule Kilungu, akaitwa Mathe na wanafunzi ambao angeweza kuwazaa wote. Kompyuta ya kuhariri video aliishika mwanzoni kama mtu aliyebeba yai. Alijikaza kisabuni, na hatimaye ikabaki kazi moja tu: kutengeneza makala ya video ya dakika kumi na mbili. Bila makala hiyo hakuna kuhitimu, hata uwe na alama za kujaza gunia.

Aliamua makala yake iwe juu ya mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu, na mara nyingine kazi ya wote. Mwaka huo kazi ya wote ilikuwa bwawa la mchanga. Ni ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto wa msimu. Mvua huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki humo ndani hata kiangazi kikikaza.

Mwenyekiti wa kundi ni Mbula, ambaye wengi humwita Mwaitu, yaani mama, bibi wa miaka sitini na minane, mwenye mgongo ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Sheria yake kuu ni kwamba mwethya hauna mtazamaji. Mchungaji alipopita kuwaombea, aliomba huku ameshika sepetu. Anayesimama bure faini yake ni mitungi miwili ya maji kutoka kisimani, na kisima kiko mbali.

Kalunde alipotoa simu siku ya kwanza na kusimama ukingoni mwa mto, Mbula hakumngoja.

"Mama Wavinya, hiyo ni kazi ama ni kusimama?"

Kalunde akajibu kuwa ni kazi, tena ya chuo.

"Kama ni kazi, basi itaenda na zamu kama kazi zingine. Wewe ukikaa na simu mchana wote, nani atampumzisha Katunge?"

Hakuna aliyeona ubaya, na Kalunde mwenyewe akaona ni haki kabisa. Simu ikawa mapumziko. Ukibeba mawe ishirini, unapokea simu, unapiga picha kwa muda, unamkabidhi mwenzako. Katunge, jirani wa Kalunde wa ng'ambo ya pili ya mto, alijigeuzia simu akamsalimia mwanawe aliye Mombasa kwa dakika mbili nzima. Nzau alipiga picha mifuko ya simiti pekee kwa sababu ndiye aliyepewa kuilinda. Mbula naye aliisogeza simu karibu na nyuso za watu hadi ukaweza kuhesabu matone ya jasho, na pumzi yake ikawa inasikika juu ya kila kitu. Kwa majuma matano Kalunde alipiga picha kidogo tu, sufuria ya chakula na miguu iliyojaa simiti, maana zamu yake ilipofika alikuwa amechoka kama wengine.

Alipoanza kuhariri, alicheka hadi msimamizi wa chumba cha kompyuta akamtazama kwa jicho la onyo. Halafu akaona kitu alichokuwa nacho. Hakuna mgeni aliyewahi kuwapiga picha watu hawa wakiwa hivyo, bila kujitengeneza. Mwishoni aliandika majina kumi na manne ya wapiga picha, la Mbula likiwa la kwanza.

Ciku, muuguzi waliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyemshtua. Alimkumbusha fomu waliyotia sahihi, iliyosema wazi kwamba picha zote lazima mwanafunzi azipige kwa mkono wake. Kalunde alikuwa ameitia sahihi bila kuisoma, kati ya karatasi nyingine nyingi. Ciku akamshauri atoe yale majina, basi, nani angejua? Kalunde aliliwaza hilo wiki nzima. Mara mbili alilifuta jina la Mbula na mara mbili akalirudisha. Alimwambia Ciku kwamba hawezi kumtazama mtu machoni kila Alhamisi huku amemwibia jasho.

Basi akaenda mbele ya watahini na majina yake kumi na manne. Mwalimu Kang'ethe, kijana wa miaka thelathini na moja na mwenye heshima zake, aliitazama makala hadi mwisho bila kuandika kitu. Kisha akauliza kwa upole ni picha zipi alizopiga mama mwenyewe.

"Hiyo ya sufuria," Kalunde alisema. "Na ya miguu."

Haikufika dakika moja. Kang'ethe alimweleza kuwa makala imemgusa, lakini sheria ni sheria, na akiipitisha hii, kesho mwingine ataleta kazi ya kununua mjini. Alimpa wiki tatu alete nyingine aliyoipiga peke yake. Asipoleta, angoje mwaka mwingine. Kalunde alimshukuru, akatoka, akakaa kwenye ngazi, na hapo machozi yakamtoka. Mwaka mwingine maana yake ni karo nyingine na safari nyingine, na alijua moyoni kwamba hangerudi. Alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake na hakutaka kumwambia mtu.

Wenzake wa mwethya ilibidi awaambie, kwa kuwa Alhamisi iliyofuata walimwuliza kila mmoja kama "ile kitu yetu" imepita. Bwawa lilikuwa limekwisha na walikuwa kwa Katunge wakichimba mitaro ya kuzuia udongo usiende na mvua. Kalunde alieleza yote, na hakumlaumu mtu. Watu walitazama majembe yao. Nzau akauliza kama angeweza kwenda kumweleza huyo mwalimu mambo ya simiti, akaambiwa anyamaze.

Mbula alikuwa amekunja uso.

"Mbona haukusema ni lazima usimame peke yako?"

"Ningewaambia aje, Mwaitu? Nisimame nikiwaangalia mkibeba mawe?"

Mbula aliinama akaendelea kuchimba, na Kalunde akadhani mambo yameishia hapo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Mbula mwenyewe. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, mawe kwa udongo, na mvua za Novemba zilikuwa zinanukia. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu mwaka uanze. Katika mwethya mwenye siku ndiye hugawa kazi, na kila mtu hupimiwa kipande chake kwa fimbo, hatua kumi na moja. Mbula aliwapimia watu wote. Alipofika kwa Kalunde, alipima pia, akaweka kijiti mwanzoni na kijiti mwishoni. Kisha akamnyang'anya jembe.

"Yako leo ni hiyo simu. Ukiiweka chini, faini ni mitungi minne."

Hakuna aliyecheka. Kalunde alitaka kusema kwamba mteremko huo unahitaji kila mkono uliopo, lakini Mbula alikuwa amekwisha kumpa kisogo.

Kusimama, mnaosimama kila siku, hamjui ugumu wake. Kalunde amechimba tangu utotoni, na mikono yake ilimwasha kama aliyeshika upupu. Alizunguka na simu, akapiga picha mikono, migongo, udongo mwekundu ukiruka. Mpita njia mmoja alisimama barabarani akauliza kwa sauti huyo mama wa simu ni mdosi wa nani. Mbula akainua kichwa, akamwambia huyo yuko kazini kama wao, na kama yeye hana kazi ashuke apewe.

Saa sita hivi Mbula alifikia jiwe lililozama katika kipande chake. Alilichimbua pembeni, akalikumbatia, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa. Wengine walikuwa chini ya mteremko. Kalunde ndiye aliyekuwa karibu, hatua tatu, na mguu wake ulikwisha kwenda. Mbula akamtazama, akatikisa kichwa mara moja. Kalunde akasimama palepale. Alishika simu kwa mikono miwili, akilia bila sauti, na katika simu akamwona bibi wa miaka sitini na minane akipiga magoti, akiingiza bega chini ya jiwe, akiliinua taratibu hadi likabingirika. Katika miaka minne yote ya chuo hakufanya jambo gumu kuliko hilo.

Jua lilipoinama, mtaro ulikuwa umekamilika isipokuwa hatua kumi na moja kati ya vijiti viwili. Katunge na Nzau walitaka kuzimaliza. Mbula akakataa, akasema kila mtu amechoka na chake.

Makala ya pili ilipita. Alama zilikuwa sitini na nne. Kang'ethe alimsindikiza hadi langoni, akamwambia kwa kusitasita kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na angependa kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili. Kalunde akamwambia anajua ilikuwa nzuri zaidi, ila si yake peke yake ya kutoa. Angewauliza wenyewe.

Mvua nayo haikuwa imengoja alama za mtu. Ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, ikapata lile pengo, ikapita hapo na udongo wa Mbula na mstari mzima wa pojo alizopanda chini yake. Mbula hakulitaja hilo kanisani wala kwenye mwethya. Kalunde alilisikia kwa Katunge, siku ileile aliyorudi kutoka Kitui na habari njema.

Asubuhi iliyofuata alifunga kibanda chake cha cherehani, akachukua jembe, akaenda peke yake. Hakubisha hodi. Alianzia kwenye kijiti cha kwanza. Alikuwa amefika hatua ya tatu aliposikia mlango, na Mbula akaja amejifunga leso, akasimama juu ya mtaro. Kalunde alimwambia amepita. Mbula akaitikia, "Asante Yesu." Kisha akaangalia lile pengo na jembe, na Kalunde akangoja kuambiwa aache, au kuletewa msaada.

"Nipe simu," Mbula alisema.

"Ya nini, Mwaitu?"

"Wewe chimba."

Akaketi juu ya lile jiwe, akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wa Kalunde.