Mfumo Unaotaka Jina Moja

Ule mwaka nyama ilikuwa rahisi kuliko unga. Kiangazi kilikuwa kinamaliza ng'ombe, wenyewe wakawauza wakiwa bado wanasimama, na Kitengela yote tukatafuna nyama nyembamba, ngumu kama mshipi, bila ugali. Ndio mwaka mjukuu wangu alipewa kazi ya kuhamisha kampuni.

Si majengo. Kampuni ni ya maua. Ilianza na shamba moja hapa upande wa Isinya, ikanunua lingine Ethiopia, ikafungua ofisi Uholanzi, na kila mahali kompyuta zilikuwa na namna yake ya kuandika. Sasa wakubwa walitaka mfumo mmoja, waridi likipakiwa hapa, yule wa Uholanzi alione bila kupiga simu. Upande wa Kenya ulisimamiwa na mjukuu wangu. Nilitangaza kanisani mpaka mchungaji akaniomba niketi.

Huyo msichana nimemlea mimi, tangu mama yake aende kutafuta kazi Uarabuni. Ananiita Susu, vile sisi Wakamba tunaita nyanya. Lakini baba yake ni Mmaasai, na mama wa huyo baba, ambaye msichana anamwita Kokoo, boma lake linapakana na shamba la maua. Kazi ilipochacha, msichana akaniambia, "Susu, wacha nilale kwa Kokoo mpaka tuwashe mfumo. Asubuhi natembea tu kwa miguu."

Nikasema sawa. Ndani nilikuwa mkaa unaowaka.

Nikapika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nikampa mtu wa boda boda sufuria. "Sema ni ya mtoto." Sufuria ikarudi imejaa maziwa. Najua chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwetu hata kwao. Lakini ng'ombe walikuwa wanakufa, na huyu mama ananitumia maziwa? Nikaona ni maringo. Nikapeleka ndengu na chapati. Maziwa. Nikachinja kuku wangu, yule wa kutaga, nikapeleka mzima. Maziwa tena. Nilimpa paka.

Jumapili moja msichana akaja, amekonda, macho mekundu. Wakati anakula akanieleza kwamba mfumo mpya unataka kila mfanyakazi awe na jamaa wa kupigiwa simu akipatwa na shida. Ule wa zamani ungeweza kuandika ukoo mzima. Huu uko na nafasi moja. Ameandika Kokoo.

"Kwa nini?"

"Yuko karibu, Susu. Nikianguka kazini, anafika saa hiyo hiyo."

"Ulipougua surua, alifika saa ngapi?"

Akaacha kutafuna. "Basi nitaomba wale wataalamu waongeze nafasi ya pili. Lakini itabidi waongezee wote, mpaka Ethiopia, mpaka Uholanzi."

"Na utawaambia ni ya nini?"

"Ni ya nyanya yangu, amenuna."

"Mimi siandikwi kwa huruma ya mtu," nikamwambia, nikaondoa sahani.

Mfumo ukawashwa, maua yakasafiri, msichana akarudi nyumbani. Hakurudi peke yake. Kokoo alishuka kwa boda boda na shanga zake zote shingoni, amepakata sufuria yangu, maziwa yakicheza ndani.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Bwana asifiwe," nikamjibu.

Akaketi bila kuambiwa. "Mama, mtoto ameniambia. Mimi simu yangu inashika network nikipanda kilima. Sasa mtoto akianguka, wanaita nani, kilima? Andikwa wewe. Nimekula chakula yako siku zote hizo, na mimi nilibaki na ng'ombe moja tu ya kukamua. Ile maziwa yote nilikuwa natuma kwako."

Paka alikuwa amelala mlangoni, amenenepa kutushinda sote.

Msichana alikuwa ameshafungua simu. Huo mfumo uko hata huko. "Susu, sema tu ndiyo, nibadilishe."

Nilikuwa naitaka hiyo nafasi mpaka mate yakakauka. Mtoto wangu akianguka, niitwe mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote chini ya jua. Lakini nipewe na huyu? Nishukuru, nichukue sufuria yangu, halafu kila simu ikilia nijue ni yeye aliniachia?

Nikapokea maziwa, nikayaweka juu ya meza, nikayafunika.

"Mimi siandikwi kwa huruma ya mtu."